"Dada, Yale Madumu Mliyajaribu?"

Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi, nikiwa ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, iliingia barua pepe niliyoisubiri kwa miaka miwili na miezi minne. Nilishuka kituo ambacho si changu, nikakaa kwenye kibaraza cha duka la watu, nikaisoma mara nne. Dumu letu la plastiki la lita 20, la kubebea kemikali, limefaulu majaribio ya maabara. Limeangushwa, limejazwa upepo chini ya maji, limesukumwa kwa presha ya maji, limekaliwa na mzigo siku 28, na limefaulu kote. Mwenye duka aliniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nalia.

Jioni nikapiga picha ya ile alama iliyochapwa kwenye bega la dumu, nikaituma kwa watu wangu. Hongera zikamiminika, nawashukuru wote. Ila ujumbe mmoja umenikosesha usingizi. Ni wa kijana wa Morogoro: "Dada hongera sana. Na mimi nataka kuanza kuuza kostiki na klorini. Nina mtaji wa madumu 100. Naomba unipe siri ya dumu imara."

Nilimjibu sentensi mbili, nikazifuta. Nikaandika tena, nikafuta. Ni swali dogo, lakini jibu lake limenigharimu ajira na marafiki, na limemwachia mtu mwingine kilema cha mguu. Kwa hiyo namjibu hapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto ileile: kuwa na bidhaa yako, lebo yako, mzigo wako unaoshuka Mbeya au Geita na mteja akapiga simu kuomba mwingine.

Huwa nikiulizwa kwa nini nilijitosa kwenye madumu ya kemikali, najibu habari za soko. Leo nasema ukweli.

Mwaka 2016 nilikuwa idara ya mauzo kwenye kiwanda kimoja cha plastiki hapa Dar es Salaam. Tulipuliza madumu ya njano ya mafuta ya kula, na kusema haki yalikuwa madumu mazuri kwa kazi hiyo. Siku moja akaja mteja anayepeleka kostiki soda Chunya, kwa wenye mitambo ya uchenjuaji dhahabu. Siyo kostiki ya unga, ni ile ya maji, ya asilimia 50. Alitaka madumu 200 na alitaka siku hiyohiyo. Akaniuliza kama ni imara.

Nikachukua dumu moja tupu, nikalilaza sakafuni, nikalipanda kwa miguu yote miwili mbele yake. Likabonyea. Nikashuka, likarudi kama lilivyokuwa. Nikamwambia, "Umeona mwenyewe." Akalipa.

Sasa sikia nilichokuwa sikijui. Lita 20 za mafuta ya kula zina uzito wa kama kilo 18. Lita 20 za maji ni kilo 20. Lita 20 za kostiki ya asilimia 50 ni kilo 30 na ushee, kwa sababu densiti yake ni 1.53 hivi, yaani lita moja ina kilo moja na nusu na kidogo. Lile dumu lilitengenezwa kubeba kilo 18, mimi nikaliuza likabebe 30, na nikampa mteja moyo kwa kulikanyaga likiwa tupu. Yakapangwa kwenye Fuso ngazi nne kwenda juu bila ubao katikati, yakafunikwa turubai, gari likaondoka usiku.

Walipopita Mikumi wakielekea Ruaha Mbuyuni, dereva akaona kwenye kioo kama kuna kitu kinadondoka. Akasimama. Utingo, kijana wa miaka 22, akaruka chini akiwa na kandambili ili akaangalie. Kona ya chini ya dumu moja la ngazi ya chini ilikuwa imefunguka kama mdomo, ufa wa urefu wa kidole. Akakanyaga pale lilipomwagikia.

Kostiki haifanani na asidi. Asidi inakuchoma papo hapo, unaruka. Kostiki inaanza kwa utelezi. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye: "Nilihisi kama nimekanyaga maji ya sabuni." Akajipangusa kwa tambara, akarudi ndani ya gari, safari ikaendelea. Maji ya kunywa walikuwa nayo chupa tatu, wala hakuna aliyefikiria kuyamwaga kwenye mguu. Ilipofika Kitonga alikuwa anapiga kelele.

Nikukatishe hapohapo, kwa sababu hili haliwezi kusubiri mwisho wa makala. Kostiki au asidi ikikugusa ngozi au jicho, ni maji, mengi, yanayotiririka, hapohapo, angalau nusu saa, huku unavua nguo na viatu vilivyolowa, halafu hospitali. Usipake siki, usipake mafuta, usisubiri uone kama itauma. Kila gari linalobeba vitu hivi liwe na dumu la maji safi ambalo halina kazi nyingine.

Nilikwenda kumwona wodini baada ya wiki mbili. Sikutumwa na ofisi, nilikwenda mwenyewe na matunda yangu kwenye mfuko. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa mpaka kifundoni. Hakunilaumu. Aliniangalia tu, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Dada, yale madumu mliyajaribu?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

Miaka yote hii nimelala na neno hilo moja. Vidole viwili vya mguu wake havikunjiki mpaka leo, na mimi nilisema ndiyo.

Niliporudi kazini nikaanza kusoma. Nikagundua kwamba duniani hili jambo lilishafikiriwa zamani sana. Umoja wa Mataifa una mapendekezo ya usafirishaji wa bidhaa hatari tangu 1956, watu wa kazi hii huyaita Kitabu cha Chungwa kwa sababu ya rangi ya jalada lake. Ndani yake kuna sura nzima ya namna ya kujaribu vyombo: pipa, dumu, boksi, la chuma, la plastiki, kila kimoja na kipimo chake. Nikaandika ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi, nikaorodhesha majaribio manne, nikampelekea bosi. Akaupokea, akasema atausoma.

Wiki iliyofuata niliingia ofisini kwake kupeleka hesabu, nikaiona karatasi yangu. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Niliitambua kwa wino wa kijani. Sikusema kitu. Miezi mitatu baadaye nikaacha kazi. Wenzangu wakasema nina majivuno, eti nimesoma vitabu vya Wazungu nikavimba kichwa. Mmoja wa waliosema hivyo alinipigia Ijumaa iliyopita kuniomba namba ya maabara. Nimempa. Lakini nimekumbuka.

Habari za mkopo, moldi (umbo la chuma linalolipa dumu sura) na wenzangu wawili tulioanza nao nitaziruka, hazina jipya, kila mfanyabiashara anazijua. Twende kwenye majaribio yenyewe.

Kabla ya kupeleka sampuli maabara ya nje, ambako kila jaribio ni fedha za kigeni, tulitaka kwanza tujijaribu wenyewe. Jaribio la kuangusha linataka dumu la plastiki na kilichomo ndani yake viwe vimepoa mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri, au chini zaidi. Watu hunishangaa: "Dada, Tanzania hii ni wapi kuna baridi hiyo?" Ndugu yangu, plastiki ikipoa inakuwa ngumu na dhaifu kama biskuti. Udhaifu uliojificha kwenye mshono, ambao kwenye joto la Dar usingeuona, kwenye baridi unajitoa wenyewe. Na mzigo ukishapanda meli hujui unaenda wapi. Tena baridi ya kwetu msiidharau: kostiki ya asilimia 50 huanza kuganda ikifika karibu nyuzi 12, na Makambako na Njombe usiku wa Julai wanazijua nyuzi hizo.

Tulinunua friza la kulala la mtumba kutoka kwa mama mmoja muuza samaki wa Feri. Friza zuri la kawaida linafika hizo nyuzi 18 chini ya sifuri. Tulilisugua siku mbili, harufu ya kibua haikutoka. Tukajaza madumu maji yaliyochanganywa na kulanti yasigande, yakafika asilimia 98 ya ujazo, yakalala humo mpaka kipimajoto kikasema tayari.

Halafu urefu. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitaenda polepole. Kemikali zimegawanywa makundi matatu ya ufungashaji kwa kadiri ya hatari: kundi la kwanza ni hatari kubwa, la pili ya kati, la tatu ndogo. Chombo kinachojaribiwa kwa maji, kama kimiminika kitakachobebwa densiti yake haizidi 1.2, kinaangushwa kutoka mita 1.8 kwa kundi la kwanza, mita 1.2 kwa la pili, na sentimita 80 kwa la tatu. Densiti ikizidi 1.2 unaizungusha kwenda juu hadi desimali moja, kisha unazidisha: mara 1.5 kwa kundi la kwanza, mara 1 kwa la pili, mara 0.67 kwa la tatu. Kostiki ya asilimia 50 iko kundi la pili. Densiti 1.53 inakuwa 1.6. Kwa hiyo dumu letu lianguke mita 1.6, kwenye sakafu ngumu isiyonesa. Kuanguka kwa urefu huo ni kama limemponyoka mtu begani.

Hata mita moja na sitini hatukufika. Kwa mita moja tu, dumu la kwanza lilitua kwa kona ya chini, likatoa mlio mkavu kama kuni inayopasuliwa, na kona ikafunguka. Nililiinamia kuangalia. Ufa ulikuwa vilevile. Urefu wa kidole, pale pale kwenye mshono wa chini, kwenye kona, umefunguka kama mdomo. Sikuwahi kuliona lile dumu la Mikumi kwa macho yangu, nilisimuliwa tu. Siku ile nililiona.

Tulikata dumu vipande kwa msumeno, tukapima unene. Ubavuni milimita mbili. Kwenye kona, chini ya milimita moja. Sababu ni namna dumu linavyozaliwa: mashine inashusha soksi ya plastiki ya moto, moldi inaibana juu na chini, upepo unapulizwa soksi ijitanue mpaka iguse kuta. Pale chini moldi ilipoibana ndipo penye mshono. Na kona ndiyo sehemu inayosafiri mbali zaidi, kwa hiyo plastiki inawahi kuisha kabla haijafika. Mtu akikugongea dumu ubavuni akasema "sikia lilivyo nene", anakuonyesha mahali ambapo halitapasuka kamwe.

Tukairekebisha mashine iongeze plastiki inaposhusha sehemu za kona, tukamlipa fundi wa moldi azifanye kona ziwe za mviringo zaidi, na tukaacha kabisa kuchanganya mabaki yaliyosagwa. Dumu likatoka gramu 1,050 likafika 1,250. Gharama ikapanda, wenzangu wakanuna. Tukaangusha mengine 20. Yakatulia.

Sampuli za kwanza zilizokwenda maabara zilifaulu kuangushwa, sita kwa sita: matatu kwa kona, matatu kwa upande wa kifuniko. Tulishangilia mapema. Jaribio lililofuata ni la uvujaji. Dumu linazamishwa, linajazwa upepo wa kilopaskali 20, linashikiliwa chini ya maji dakika tano. Kilopaskali 20 si nyingi, tairi la gari dogo lina zaidi ya mara kumi ya hizo. Walinitumia video. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, chini ya ukingo wa kifuniko likatokea povu moja, dogo kama punje ya mtama, likang'ang'ania pale, likaachia, likapanda juu. Kisha la pili. Kisha yakafuatana kama shanga.

Dumu lilikuwa zima. Kilichotuangusha ni washa ya mpira ndani ya kifuniko. Mwenzetu wa manunuzi alipata nyingine za bei nafuu, nyeusi kama zile zile, akabadilisha bila kutuambia. Kwa ajili ya washa hiyo tulirudi mwanzo, miezi minane.

Nataka hili ulishike kuliko yote niliyoandika: chombo na kifuniko chake ni kitu kimoja. Kinachofaulu jaribio ni dumu hilo, kwa plastiki hiyo, kwa uzito huo, kwa kifuniko hicho, na washa hiyo, kimekazwa kwa nguvu hiyo. Ukibadilisha kimoja, huna tena dumu lililofaulu. Una dumu jingine linalofanana nalo kwa sura. Sisi sasa tuna spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na kijana wa zamu anaandika namba kwenye daftari kila baada ya saa moja. Kifuniko kilichokazwa kwa "nimehisi kimetosha" kinalegea chenyewe baada ya siku chache, kwa sababu plastiki iliyobanwa inapoteza nguvu ya kubana polepole.

Awamu ya pili ilikuwa ndefu. Plastiki lazima ithibitishwe kwamba inaivumilia kemikali yenyewe, na njia ya msingi ni kuijaza kemikali hiyo na kuihifadhi miezi sita ndipo majaribio yaanze. Saa 24 za kwanza na saa 24 za mwisho, dumu linakaa kichwa chini, kifuniko ndicho kinabeba kila kitu. Mimi miezi hiyo sita sina la kusimulia, nilisubiri. Baada ya hapo likaja jaribio la mzigo: kwa madumu ya plastiki ya vimiminika ni siku 28 kwenye joto lisilopungua nyuzi 40, huku juu yake kuna uzito unaolingana na rundo la mita tatu. Kwa dumu letu ni zaidi ya kilo 200. Siku 28, ndugu zangu. Madumu ya Chunya hayakuvumilia ngazi nne kwa usiku mmoja. Na mwisho presha ya maji, kilopaskali 100 kwa nusu saa. Dumu linavimba tumbo mpaka unaona litapasuka, halafu linabaki hivyo, dakika baada ya dakika, halipasuki.

Alhamisi nikapata ile barua pepe.

Basi, mdogo wangu wa Morogoro, turudi kwako. Uliomba siri. Siri ni kusoma alama kabla hujatoa hata shilingi. Dumu lililojaribiwa lina alama ya UN kwenye duara, imechapwa mwilini, siyo stika. Ya kwetu inaanza hivi: 3H1/Y1.6/100. Tatu ni dumu, lingekuwa pipa ungeona moja. H ni plastiki. Moja inayofuata H ni aina ya mdomo, kwamba kichwa hakifunguki chote, ni tundu la kumiminia tu. Y ni kundi la pili na la tatu. X ingekuwa makundi yote matatu, Z kundi la tatu peke yake. 1.6 ni densiti ya juu kabisa inayoruhusiwa. 100 ni zile kilopaskali. Kisha mwaka wa kutengenezwa, herufi za nchi iliyotoa kibali, na mtengenezaji.

Sasa hiyo 1.6 iheshimu. Asidi ya salfa kali, ya asilimia 98, densiti yake ni 1.84. Dumu langu ninalojivunia, lililoniliza kibarazani, halifai kubeba asidi hiyo. Akija mteja kesho na pesa taslimu akataka kuijaza humo, namkatalia. Klorini yako wewe, ile ya maji, ina shida nyingine. Ina tabia ya kuoza polepole na kutoa hewa, joto la Morogoro ndilo linaichochea zaidi, na dumu lililofungwa kabisa linavimba mpaka linasimama kwa kitako cha duara. Inataka kifuniko chenye tundu la kupumulia, kile maalumu kinachotoa hewa bila kutoa maji, na dumu lisimame wima safari nzima. Usitoboe kifuniko kwa msumari. Nimeyaona hayo, na nimeona turubai lililoliwa juu yake.

Soma alama. Halafu geuza dumu, tafuta saa ndogo iliyochapwa kwenye plastiki, duara lenye namba 1 mpaka 12 na mshale katikati. Mshale unakuonyesha mwezi, na mwaka uko karibu yake. Dumu la plastiki la kubebea bidhaa hatari lina miaka mitano tangu siku ya kutengenezwa, na kwa baadhi ya kemikali, kama asidi ya naitriki iliyozidi asilimia 55, ni miaka miwili tu. Pita Vingunguti uangalie mishale ya madumu ya bluu yanayouzwa pale. Mengine yana umri wa mtoto wa darasa la saba, yamechomwa na jua mpaka ukiyakwangua kwa ukucha yanatoa unga mweupe. Plastiki iliyofika hapo imekwisha kufa.

Usijaze mpaka mdomoni, kimiminika kikipata joto kinatanuka na kinatafuta pa kutokea. Jaribu upepo kila dumu jipya kabla halijatiwa kitu, kila moja, siyo moja kwa mia, hata ule mwongozo wa Umoja wa Mataifa unadai hivyo. Na usisahau kwamba nchi hii ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye msimamizi. Nenda kajisajili, uombe vibali, usikimbie. Watu wanawaogopa wakaguzi kama wachawi, kumbe maswali yao ni yaleyale unayopaswa kujiuliza mwenyewe usiku.

Na ninyi mnaokusanya madumu yaliyotoka na kostiki na asidi, mkayasuuza mara mbili, mkawauzia kina mama ya kuchotea maji, naomba mnisikie. Plastiki inanywa. Kemikali zinaingia ndani ya ukuta wake, na suuza zako mbili hazizifikii. Na wewe unayemimina kostiki kwenye chupa ya maji ya kunywa ukaiweka jikoni kwa ajili ya kuzibua sinki, una watoto nyumbani. Mtoto haoni alama, anaona chupa ya maji. Hakuna biashara yenye faida inayolingana na koo la mtoto. Nimefika mahali sioni aibu kulisema hili sokoni, kanisani, popote, na wanaoniona nina kelele waendelee kuniona hivyo.

Jumamosi nilipanda basi la asubuhi kwenda kumwona yule kijana. Si kijana tena, ana mke na mtoto, ana banda la kuchaji simu na kuuza vocha kando ya barabara ileile, upande wa Iringa. Nilibeba dumu moja jipya, nimelijaza maji ya bomba. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Chalinze. Nilipofika yote yakapotea, nikamwambia tu: "Siku ile hospitali nilikudanganya. Hatukuyajaribu."

Akanyamaza. Akachechemea mpaka kwenye benchi, akaketi. "Nilijua," akasema.

Nikamsogezea dumu. Akalipokea, akapitisha kidole gumba kwenye zile herufi moja moja, akaligeuza akatazama kona za chini kwa muda mrefu, akazibonyeza kwa vidole. Kisha akauliza, "Na kifuniko je?"

Sikumjibu. Alichukua gazeti la zamani, akalitandaza kwenye benchi, akalisimamisha dumu kichwa chini juu yake, akaliegemeza ukutani. Mkewe akaleta chai. Tukanywa, tukaongea habari za mtoto na bei ya sola. Ilipita kama nusu saa hivi, labda zaidi. Akaweka kikombe chini, akaliinua dumu kwa mkono mmoja, akalichukua lile gazeti kwa mwingine na kulielekeza kwenye mwanga.

Lilikuwa kavu. Akalikunja, akaniuliza linauzwa bei gani.